Wadudu Waharibuo Nafaka na Unga, na Jambo Lililotupata Ghalani

(Hotuba iliyosomwa na Karani kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi. Imechapwa katika taarifa hii kwa ombi la wazee.)



Halmashauri imetuagiza tuseme leo juu ya wadudu waharibuo nafaka na unga. Twajua ya kuwa wengine wenu mtashangaa, maana katika mkutano wa mwaka watu hutazamia kusikia hesabu ya fedha, mazishi tuliyosaidia, na karo za watoto tulizolipa. Habari hizo zote zimo katika kurasa zilizotangulia. Lakini hapana budi tuliseme na neno hili, kwa kuwa lilikaribia kukivunja Chama chetu, na kwa kuwa mtu mmoja miongoni mwetu alidhulumiwa kwa sababu ya ujinga wetu. Deni la fedha laweza kulipwa kimya kimya ofisini. Deni la jina la mtu sharti lilipwe mbele ya watu walewale waliosikia jina hilo likiharibiwa.

JAMBO LILILOTUPATA

Mnakumbuka ya kuwa mwezi wa Agosti mwaka uliopita tulinunua magunia 40 ya mahindi kutoka kwa wakulima, kila gunia kilo 90, jumla kilo 3,600. Kusudi letu lilikuwa jema: kununua wakati wa mavuno, bei ingali chini, ili wajane, yatima na wanachama wasiojiweza wapate chakula kwa bei ile ile itakapofika miezi ya dhiki. Tuliyapima sisi wenyewe, tukayaandika daftarini, tukayapanga ghalani, na ufunguo tukamkabidhi mzee mtunza ghala wetu, ambaye alikuwa amekitumikia Chama hiki miaka 11 bila lawama.

Mwezi wa Februari tukafungua ghala ili tugawe. Magunia yalikuwa 40 vile vile, na nyuzi zake hazikukatwa. Lakini tulipoweka gunia la kwanza juu ya mizani, tulipata kilo 74. La pili kilo 77. La tatu kilo 71. Tukayapima yote hata jioni, na hesabu ilipofungwa tukaona kilo 560 hazipo.

Ndipo maneno yakaanza. Watu wawili walisema wamemwona mtunza ghala kila asubuhi akitoka na kopo la unga mweupe na kuwamwagia kuku wake. Alipoulizwa alijibu kwamba ule si unga, ni vumbi la mahindi analofagia sakafuni. Nani angeamini? Wengine walimtupia methali ya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, wakimkusudia yeye. Wengine walitaka apelekwe polisi siku ile ile. Sisi wa ofisi tuliandika barua ya kumsimamisha kazi na kumzuilia mshahara tangu mwezi wa Machi. Barua hiyo tuliipiga chapa kwa mikono yetu, na nakala yake ingali katika jalada. Mzee yule hakugombana na mtu. Alisema neno moja tu: "Pimeni tena."

Katika kikao cha Halmashauri kilichofuata, bibi mmoja mwanachama aliomba ruhusa ya kusema. Akauliza, "Ni mwizi wa namna gani aibaye kilo 14 katika kila gunia la 40, kisha akashona kwa uzi ule ule na matundu yale yale ya sindano?" Akachukua konzi ya mahindi, akaibana punje moja kwa ukucha, ikavunjika kama ganda la yai. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi.

Kwa shauri lake tukafanya majaribio mawili. La kwanza, tulichukua gunia moja la kilo 76, tukalichekecha lote. Tukapata vumbi kilo 6 na mahindi kilo 70. Mahindi hayo tuliyatia katika gunia safi, tukalishona, tukalifungia katika chumba cha Bwana Mwenyekiti, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake siku 30. Tulipolipima tena mbele ya mashahidi, tulipata kilo 67, na katika hizo kilo 2 zilikuwa vumbi. Mzee mmoja akauliza kama sasa tumsimamishe kazi na Mwenyekiti. Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na aibu.

La pili, tulichagua punje 200 zilizoonekana nzima, zisizo na tundu wala mdudu, tukazitia katika chupa ya kioo, tukaifunga mdomo kwa kitambaa kizito, tukaiweka juu ya meza ya ofisi. Hata juma la tatu wadudu walikuwa wakitembea ndani ya chupa. Hawakuingia kwa mlango wala kwa dirisha. Walitoka ndani ya punje zile zile tulizoziita nzima.

WADUDU HAWA NI NANI

Tangu zamani wako watu wasemao kwamba mahindi yakikaa sana huzaa fukusi yenyewe, kama kwamba mdudu ni uzee wa nafaka. Sivyo. Kila mdudu ametoka katika yai, na kila yai lina mama yake. Tukilifahamu hilo, tumefahamu nusu ya shauri zima.

Wa kwanza ni fukusi wa mahindi. Ni mdogo, urefu wake kama milimita 3 au 4, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea weusi, na kichwani ana mdomo mrefu mfano wa mkonga wa tembo. Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, akataga yai moja ndani, kisha akaliziba tundu kwa ute unaokauka, hata jicho la mtu lisiweze kulitambua. Yai huangua funza, na funza hula kiini cha punje gizani mpaka ageuke mdudu kamili na kutoboa njia ya kutokea. Katika nchi ya joto kama hii yetu, kazi hiyo yote huchukua majuma matano hivi. Tena fukusi ana mabawa. Huruka kutoka ghalani kwenda shambani na kuyaingia mahindi yangali yamesimama, yanapoanza kukauka. Kwa hiyo mkulima huweza kumbeba fukusi hadi nyumbani siku ile ile ya mavuno, naye hajui.

Na tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme jike mmoja ataga mayai 100, na nusu ya watoto wake wawe majike. Hao 50 wakizaa vivyo hivyo, tuna 5,000. Majike 2,500 katika hao wakizaa, tuna 250,000. Bila shaka wengi hufa kabla ya kuzaa, lakini hesabu hiyo yatuonyesha kwa nini mwezi wa kwanza mtu haoni kitu, mwezi wa tatu aona wadudu wachache na kuwadharau, na mwezi wa sita akuta gunia la makapi.

Wa pili ni dumuzi, naye ni mbaya kuliko fukusi. Huyu si mwenyeji wa nchi zetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aligunduliwa kwanza mkoani Tabora, Tanzania, karibu na mwaka 1980, na huko wakulima walimpa jina la lori kubwa, Scania. Mwaka 1983 alionekana Taveta, katika eneo letu hili, na kutoka hapo akaenea Kenya. Mwili wake ni kama kipande cha kijiti. Kichwa kimeinama chini hata ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma amekatika ghafula kama gogo lililopigwa msumeno. Yeye hutoboa punje huku na huku, na kuacha vumbi jingi jeupe mfano wa unga. Hilo ndilo vumbi lililomletea mtunza ghala wetu balaa. Hula hata muhogo mkavu, na hukaa katika mbao na miti ya ghala lenyewe, akingoja mavuno mengine. Hupenda zaidi mahindi yaliyo bado katika magunzi, na huko Tabora palionekana maghala yaliyopoteza karibu thuluthi ya uzito wa mahindi katika miezi michache.

Serikali na wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1992 waliachia hapa Kenya mdudu mwingine mdogo, aitwaye kwa jina la kitaalamu Teretrius nigrescens, ambaye naye hula mabuu ya dumuzi. Amesaidia mahali pengine, lakini hakummaliza dumuzi, wala haifai mtu alale usingizi akimtegemea yeye.

Wa tatu ni mdudu mwekundu wa unga. Huyu hana nguvu ya kutoboa punje nzima. Hungoja wengine watangulie kuvunja, au hungoja sisi wenyewe tusage. Hutaga mayai yake ovyo katikati ya unga, nayo hushikamana na chembe za unga hata hayaonekani. Akiwa mzima huweza kuishi zaidi ya mwaka. Tena hutoa maji makali yenye harufu mbaya, na wakizidi sana unga wenyewe hugeuka rangi na kuwa mwekundu kidogo. Mnakumbuka mwezi wa Januari watoto wa shule ya chekechea walipokataa uji, nasi tukawaambia walimu kwamba watoto wamedekezwa. Tunakiri leo ya kuwa watoto walikuwa na haki. Unga ule ulikuwa na wadudu. Mpishi aliuchekecha akadhani umesafika, lakini chekeche huondoa mdudu tu. Harufu yake haiondoi, wala haiaminiki kuondoa mayai yote.

Maharagwe na kunde nazo zina fukusi wao, wafupi na wanene, na akina mama wawajua vema kwa matundu yao ya mviringo. Mengi tutakayosema juu ya mahindi yawafaa na hao.

MAKOSA YETU

Tumejihukumu wenyewe, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, tulinunua mahindi bila kuyapima ukavu. Wataalamu wasema mahindi ya kuwekwa akiba yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Sisi tuliyatafuna mawili matatu, tukasema yamekauka.

Pili, tuliyatia katika magunia ya zamani, yaliyokaa pembeni tangu mwaka wa kabla yake, bila kuyachemsha wala kuyaanika juani. Mayai na wadudu walikuwa wakitungoja katika mishono.

Tatu, magunia tuliyaweka juu ya sakafu yenye nyufa na kuyaegemeza ukutani, hata mtu asiweze kupita nyuma yake.

Nne, na hili ndilo kubwa, tangu Agosti hata Februari hakuna mtu wa Halmashauri aliyefungua gunia hata moja akatazama. Mtunza ghala alituambia mara mbili kwamba vumbi limezidi. Tulimjibu kwamba kazi yake ni kufagia.

KWA NINI NI NENO ZITO

Pengine mtu atasema kwamba mahindi yenye fukusi yaliliwa na babu zetu wala hawakufa. Fukusi mwenyewe si sumu, ni kweli. Lakini wadudu wakiwa wengi hutoa joto na unyevu ndani ya gunia, na punje iliyotobolewa hufunguliwa mlango wa kuvu. Kuna kuvu itoayo sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho na isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki dunia. Ukame na unyevu wa maghala ndivyo vilivyosababisha, lakini fukusi ni msaidizi wa maovu hayo. Basi chama kilichoundwa ili kizike wafu wake kwa heshima kisiwe chenyewe kinaongeza makaburi.

SHAURI LETU

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Walitundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili moshi na joto viwafukuze wadudu. Walichanganya kunde na majivu makavu yaliyochungwa, hata mdudu asipate nafasi ya kupita kati ya punje. Walifunga vyungu kwa udongo, hewa isiingie. Tukiyatazama mambo ya kitaalamu ya leo, mengi ni yale yale kwa vyombo vingine.

La kwanza ni kukausha. Mahindi yapukuchuliwe mapema, kwa kuwa dumuzi hufanya kazi vizuri zaidi katika magunzi, kisha yaanikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Kwa kujua kama yamekauka, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi kidogo na chumvi kavu, mtikise, kisha mwache yatulie. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji. Isiposhika, yafaa kuwekwa.

La pili ni usafi. Ghala lifagiliwe, nyufa zizibwe, mabaki ya mwaka jana yaondolewe yote kabla mapya hayajaingia, na magunia ya zamani yachemshwe au yasitumiwe kabisa. Magunia yainuliwe juu ya mbao na kuachwa mbali kidogo na ukuta.

La tatu ni mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko ya namna hii ilitokana na kazi ya Bwana Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliotafuta njia ya kuhifadhi kunde za wakulima wa Kameruni tangu miaka ya 1980. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na wa tatu wa nje ni gunia la kawaida la kuikinga. Mahindi makavu hutiwa, hewa husukumwa nje, na kila mfuko hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huvuta hewa iliyobaki mpaka inakwisha, nao huacha kula, huacha kuzaa, kisha hufa, na hapana haja ya dawa. Ila mahindi yenye unyevu yasitiwe humo hata kidogo, maana yataota kuvu. Mifuko nayo isifunguliwe kila siku kwa kuchota kidogo, na panya wazuiliwe wasiitoboe.

La nne ni dawa. Iko dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa nafaka, ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Lakini twawasihi sana, msitumie dawa ya mifugo wala ya pamba katika chakula. Na vile vidonge vya kufukizia mahindi, ambavyo wengine huvinunua sokoni na kuviweka chumba kimoja na watoto waliolala, moshi wake huua watu kama uuavyo wadudu. Kazi hiyo ifanywe na waliofundishwa tu.

Kwa unga neno letu ni fupi: sageni kidogo kidogo, wa kutosha juma moja au mawili. Msimwage unga mpya juu ya mabaki ya zamani. Debe lioshwe, likaushwe juani, lifunikwe sawasawa.

Na la mwisho, gunia moja katika kila kumi lifunguliwe kila mwezi, litazamwe, lipimwe, na kilo zake ziandikwe daftarini pamoja na majina ya watazamaji wawili.

MAOMBI YA HALMASHAURI

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu upitishe mambo matatu. La kwanza, kwamba yale tuliyoyaandika juu ya mzee mtunza ghala wetu yafutwe katika daftari la Chama, na barua ile iondolewe jaladani. La pili, kwamba alipwe mshahara wote aliozuiliwa, na arudishiwe ufunguo wake leo hii, mbele ya macho yenu. La tatu, kwamba zitengwe fedha za kununulia mifuko ya kutosha magunia 40 kabla ya mavuno yajayo, na mzani mdogo wa ghala, ili kupima kusiwe jambo la kungoja mashaka.

Mzee, umekaa pale nyuma karibu na mlango, nasi twakuona. Ulituambia tupime tena, nasi tulichelewa. Twakuomba radhi sisi wa ofisi kwanza, kwa kuwa mkono ulioandika barua ni wetu, kisha Halmashauri nzima. Tumeambiwa ya kuwa kuku wako wamenona, na hapana mtu atakayekudai vumbi lile.

Wazee walisema akiba haiozi. Walisema kweli, lakini wazee waliosema hivyo waliianika akiba yao, waliitia majivu, na kila baada ya siku chache waliichungulia. Sisi tulichukua methali tukaacha kazi. Mwaka huu tutafanya kazi, na daftari la mizani litakuwa wazi kwa kila mwanachama atakayetaka kulisoma.

 Ni sisi watumishi wenu.